Mifupa ya Rundo la Nne

Stoo ilikuwa inanukia ubani. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Hinda Kerrow aliloliandika katika daftari lake mjini Bute, kabla ya habari za kufuli na masanduku. Alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi tena ili ahakikishe. Ilikuwa siku ya kumi na moja ya Ramadhani, naye alikuwa ameondoka Wajir mara tu baada ya daku. Alijua kwamba saumu na safari ndefu huweza kumletea mtu harufu ya vitu visivyokuwapo. Lakini harufu ilikuwapo, hafifu, kama ya nyumba iliyofanyiwa harusi juzi.

"Mnafukiza ubani humu?" aliuliza.

"Humu tunaweka mifupa," alijibu Dakta Kavata. "Hata sigara siruhusu."

Dakta Kavata alikuwa mwanaakiolojia kutoka Nairobi, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya kitambaa na magoti yaliyochubuka. Huu ulikuwa msimu wake wa tatu wa kuchimbua makaburi ya kale yaliyoko kwenye kilima kaskazini mwa mji. Kulikuwa na marundo arobaini na moja ya mawe kule juu, mengine mapana kama zizi la ngamia. Wazee waliyaita makaburi ya Madanle, watu wa zamani sana ambao husemwa kuwa ndio waliochimba visima vya nchi ile kabla Uislamu haujafika. Kila rundo lililofunguliwa, mifupa yake ilitiwa ndani ya sanduku la bati, na sanduku likapewa namba ya rundo. Masanduku yalikuwa manane. Sasa yalikuwa saba.

Hinda alichutama mbele ya mlango. Kufuli lilikuwa zima. Mwizi alikuwa amefungua skrubu nne za komeo, akaingia, akatoka, kisha akazirudisha skrubu zote mahali pake na kuzikaza. Ndani, katikati ya sakafu palikuwa pamefagiliwa. Pembeni, pale lilipokuwa sanduku namba nne, palibaki alama ya mraba kwenye vumbi na majivu kidogo. Hinda aliyagusa kwa kidole, akanusa, akayafunga ndani ya karatasi.

Aliomba sanduku namba mbili lifunguliwe. Lilikuwa na shanga za kioo cha buluu na bangili ya shaba, vitu ambavyo mtu anayejua soko lake angeviuza kwa urahisi. Hakuna kilichoguswa.

"Kwa hiyo hakuja kwa ajili ya mali," alisema. "Namba nne lilikuwa na nini?"

Dakta Kavata alikaa juu ya sanduku mojawapo kabla ya kujibu. Maiti wote wa kilima kile, alieleza, walilazwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa mpaka kifuani, uso ukielekea mawio. Wa rundo la nne hakulazwa hivyo. Alikuwa amenyooshwa, kichwa mashariki, ubavu wa kulia, uso kaskazini. Chini yake kulikuwa na vipande vya mifupa ya mtu mwingine, mzee zaidi, vilivyosukumwa pembeni taratibu.

"Kibla," alisema Hinda.

"Ndiyo. Mwislamu ndani ya kaburi la Madanle. Pengine miaka mia saba iliyopita. Kama kipimo cha kaboni kingekubali, lingekuwa kaburi la Kiislamu la zamani kuliko yote tuliyowahi kuyapata mbali hivi na pwani. Jino lilikuwa lipelekwe maabara wiki ijayo." Alitazama alama ya mraba sakafuni. "Makala nimeshaiandika."

Mji mzima ulikuwa umeshasikia habari ya Mwislamu wa kale. Redio ilikuwa imeitangaza, na Sheikh Abdisalam wa msikiti mkubwa alikuwa ameandika barua ya kutaka mifupa ile izikwe upya. Nakala ya barua ilikuwa kwenye faili la Hinda. Maneno yake yalikuwa makali, na msikitini ubani haukosekani. Kila aliyeulizwa kituoni alimtaja sheikh huyo.

Hinda alimkuta akisoma barazani, nje ya msikiti. Upepo ulikuwa umetulia, na vumbi lilining'inia hewani bila kuanguka, hata minara miwili ya simu iliyo mbele yao ilionekana kama imechorwa kwa mkaa kisha ikafutwa nusu. Sheikh alimkaribisha kwa Kisomali, wakaulizana habari za Garissa, ambako wote wawili walizaliwa. Hakukana barua yake. Alisema lau angetaka kuichukua mifupa ile, angeichukua mchana, baada ya sala ya Ijumaa, akiwa na watu mia tatu nyuma yake, na Dakta angeitwa ashuhudie.

"Nakuamini, sheikh," alisema Hinda. "Lakini nadhani unajua kitu."

Sheikh alifunga kitabu alichokuwa akisoma. Kisha akasema kwamba siku sita zilizopita kuna mtu alimjia baada ya alasiri akamuuliza swali la fikihi. Jina lake asingelitaja, maana mtu anayeuliza hukumu ya dini ana haki ya kufichiwa. Swali lenyewe angeweza kulitaja.

"Aliuliza hivi: Mwislamu akizikwa bila kuoshwa, na mifupa yake ikatolewa ardhini, inafaa kuiosha sasa?"

"Ukamjibu vipi?"

"Nikamwambia Mungu hamtwishi mtu asichokiweza. Akalia. Sikujua kwa nini."

Hinda aliandika swali lile neno kwa neno. Alipofika kwenye gari, Konstebo Jama akiwa ameshawasha injini, alilisoma tena, akamwomba azime. Akaliweka daftari mapajani. Mifupa haionyeshi kama ilioshwa au haikuoshwa. Dakta Kavata, pamoja na vipimo vyake vyote, hangeweza kulijua hilo. Nani basi aliyejua kwamba maiti wa miaka mia saba alizikwa bila josho?

Hakuna aliyejua. Ila kama maiti hakuwa wa miaka mia saba.

"Tupande kilimani," alimwambia Jama. "Mchukue na Dakta."

Adhuhuri ilikuwa imeshapita walipofika juu. Joto lilikuwa limeinua tambarare yote ya chini, ikawa inaelea kama maji ya ziwa, na ngamia waliokuwa wakipita kwa mbali walionekana hawana miguu. Kaskazini ilisimama milima ya Ethiopia, rangi ya moshi. Marundo ya mawe yalikuwa yametulia pande zote, makubwa kwa madogo, kama kundi lililopiga magoti likisubiri kupakiwa mizigo. Hinda alihisi kichwa chepesi, miguu haina uzito. Alilazimika kujikumbusha alichokuja kukitafuta.

Alienda kwenye rundo ambalo halijafunguliwa, akageuza jiwe la juu. Uso wake uliotazama jua ulikuwa mweusi, unang'aa kidogo kama buni iliyokaangwa. Tumbo lake lilikuwa jeupe kama maziwa ya ngamia. Akageuza la pili na la tatu. Yote yalikuwa hivyo, meusi juu, meupe chini.

"Jiwe huchukua muda gani kuwa jeusi namna hii?" aliuliza.

"Karne nyingi," alisema Dakta Kavata.

"Nionyeshe picha ya rundo la nne kabla hamjaligusa."

Dakta alitoa kompyuta yake ndogo ya mkononi, akaikinga jua kwa kofia. Picha ilikuwa safi. Juu ya rundo la nne, katikati ya mawe meusi, mawe mengi yalikuwa yamelala kichwachini, matumbo yao meupe yakitazama mbingu. Mtu aliyekuwa na haraka alikuwa ameyatoa na kuyarudisha, bila kujali upande gani ulikuwa juu.

Dakta Kavata aliitazama picha ile kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe iliyorudishwa na posta. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba mawe yale aliyaona. Alidhani ni wachungaji waliotafuta hazina wakakata tamaa. Alitaka sana iwe hivyo. Kisha akavua kofia, akakaa chini palepale mavumbini.

"Ni maiti wa juzi tu," alisema. "Mungu wangu. Nilimtangaza redioni."

Hinda alimwacha kidogo. Kisha akamuuliza nani huchagua rundo la kuchimbua. Dakta alimweleza habari za Koricha, kiongozi wa wachimbaji, mwenyeji wa Bute, mtu mtaratibu wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa naye tangu msimu wa kwanza. Ndiye aliyejua kila jiwe. Misimu miwili alikuwa akiwaepusha na rundo la nne, mara kuna nyoka, mara ukuta wake utaporomoka. Hinda aliomba daftari la mahudhurio. Alama ya dole gumba la Koricha ilikuwapo kila siku, ila siku nane za mwezi uliopita, alipokwenda Wajir kufanyiwa upasuaji wa jicho. Rundo la nne lilifunguliwa siku ya tatu ya siku hizo nane. Aliporudi alifanya kazi siku moja tu, akasema jicho linamuuma, na hakuonekana tena.

Kituo cha polisi cha Bute kilikuwa na vitabu vya zamani vya matukio, OB, vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Haikumchukua Hinda saa nzima kupata taarifa ya mtu aliyepotea. Mwaka wa mafuriko makubwa ulikuwa na kurasa nyingi za mifugo iliyosombwa na barabara zilizokatika, na za ule ugonjwa wa kutoka damu uliokuja na mvua, ukaua mbuzi, kondoo, ngamia, kisha watu. Mwezi Februari 1998, mwanamke aitwaye Sahara aliripoti kwamba mumewe Alio hajarudi. Alionekana mara ya mwisho akiwa na rafiki yake Koricha, wakichunga. Koricha aliandikisha maelezo kwamba Alio alimwacha njiani akaelekea Moyale kutafuta kazi. Chini yake mkono mwingine uliandika: *Upelelezi unaendelea.* Hapakuwa na zaidi.

Nyumba ya Sahara ilikuwa karibu na kisima, mabati mapya juu ya kuta za zamani. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele za mbele zimeanza mvi chini ya mtandio wa rangi ya embe. Mazungumzo yao yalikwenda kwa Kiswahili, kwa kuwa Sahara alikulia kwenye Kioromo na Kisomali chake hakikutosha. Alisimulia bila haraka. Alio alipoondoka yeye alikuwa mjamzito. Binti yao, Zeinab, alizaliwa baada ya miezi mitatu, sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Wanaume watatu walimposa miaka iliyofuata, akawakatalia, maana mke wa mtu haposwi. Koricha alikuwa mwema kwake. Kila msimu wa maziwa hakumsahau.

Hinda alimuuliza kama mumewe alikuwa na alama yoyote mwilini.

Sahara alinyoosha mkono wake mwenyewe wa kushoto, akaugeuza uonekane kama umepinda kwa nje kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, akaushikilia hivyo hewani.

Fomu ya mifupa ya rundo la nne ilikuwa ndani ya mkoba wa Hinda. Ilisema: mwanamume, miaka thelathini hivi, mkono wa kushoto ulivunjika utotoni ukaunga vibaya.

"Umempata?" aliuliza Sahara.

"Eeddo," Hinda alimwita, kama mtu amwitavyo shangazi yake, "nipe muda mpaka kabla ya kufuturu. Nitarudi, na nitakuambia kweli."

Koricha hakukimbia. Alikuwa ameketi ndani ya ua wake juu ya mkeka, kitambaa cheupe juu ya jicho moja, kana kwamba anawasubiri. Dakta Kavata alikuwa ameomba kuja, akasimama nyuma. Hinda alivua viatu, akaketi mbele yake, akamsomea haki yake ya kunyamaza. Koricha alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimenyamaza sana, binti," alisema. "Imetosha."

"Sanduku liko wapi, adeer?" Hinda aliuliza, kama amwitaye ami yake.

Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi amebeba kifurushi cha bafta nyeupe kilichofungwa sehemu tatu, kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto aliyelala. Harufu ya ubani ikajaa uani. Akakiweka juu ya mkeka kati yao. Kisha akasimulia.

Walikuwa wawili, yeye na Alio, na mifugo ya familia zote mbili. Mvua haikuacha kwa wiki sita. Tambarare ikawa ziwa, wakapanda na wanyama waliobaki kwenye kilima cha Madanle, kwa kuwa ndiko kulikokuwa kukavu. Ngamia walianza kutupa mimba, mbuzi wakafa kumi kwa siku moja. Siku ya pili ya Ramadhani Alio akashikwa na homa. Siku ya nne damu ikamtoka puani na kwenye fizi, na kabla ya jua kuchwa akafa.

"Watu walisema huo ugonjwa ukigusa damu yake, na wewe umekwenda," alisema Koricha. "Mimi nilikuwa na watoto wadogo. Niliogopa. Maji ilikuwa kila mahali, binti, maji mpaka kule mlima, na mimi sikumwosha. Nilimvuta na shuka. Udongo ilikuwa tope, ukichimba inajaa. Nikatoa mawe ya wale watu wa zamani, nikasukuma mifupa yao kando, nikawaomba msamaha. Nikamlaza kwa kibla. Nikamsalia beke yangu. Halafu nikarudisha mawe mbiombio, mvua inanibiga."

"Na uliporudi mjini?"

"Sahara alikuwa mlangoni, tumbo iko hapa." Alionyesha kwa mkono. "Akaniuliza, Alio yuko wapi? Nilitaka kusema. Mdomo ikasema Moyale."

Alisema kwamba alikusudia kumwambia kesho yake. Kesho ikawa baada ya uzazi, kisha baada ya arobaini, kisha uongo ukawa umezeeka na hakuna aliyeweza kuuinua. Aliomba kazi ya uchimbaji ili awe karibu, awaelekeze watu kwingine. Aliporudi kutoka hospitali akakuta rundo la nne liko wazi na rafiki yake yuko ndani ya bati, na redio inasema ni mtu wa miaka mia saba, na jino lake litapelekwa kuchomwa maabara. Siku tatu zilizopita aliichukua usiku, akaifukizia ubani palepale stoo, kisha akaiosha mifupa yote kwa maji ya kisima, mmoja mmoja. Kilichomshinda ni kimoja tu. Hakuweza kumzika mtu bila mkewe kujua, na hakuweza kwenda kwa mkewe.

Hinda alifunga daftari. Alijua alichotakiwa kukifanya. Mifupa ilikuwa kielelezo. Ilipaswa kupelekwa Wajir, na kutoka huko Nairobi, na kukaa kwenye rafu miezi minane, au miaka miwili mitatu. Aliutazama ule mkono ulioungana vibaya, ukionekana umbo lake kupitia bafta.

Alitoka uani, akapiga simu kwa mkuu wake. Hakuficha kitu. Mkuu wake alipinga, kisha akauliza kama kuna mtaalamu aliyesomea mifupa hapo Bute. Hinda alimpa simu Dakta Kavata. Dakta alizungumza kwa kituo, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani: alikuwa ameipima na kuipiga picha mifupa yote, hakukuwa na jeraha la silaha hata moja, na jino moja lingebaki ndani ya bahasha ya polisi pamoja na mate ya binti wa marehemu kwa ajili ya kipimo. Kuhusu stoo yake, alisema, hana malalamiko. Kilichochukuliwa hakikuwa chake.

Mkuu alikubali mwishowe, kwa masharti. Koricha angefika kortini Wajir Jumatatu kujibu kwa nini hakuripoti kifo na kwa nini alisema uongo kituoni. Alitia dole gumba kwenye karatasi ya dhamana bila kuuliza adhabu yake ni nini.

Alasiri ilikuwa imeingia walipofika kwa Sahara. Zeinab alikuwa ameitwa kutoka shuleni, chaki bado kwenye vidole. Hinda alikuwa amejitayarisha kusema yeye, lakini Koricha alimtangulia, akapiga magoti kizingitini, akasema yote kwa Kioromo. Hinda hakuyafahamu maneno. Alisikia tu jina la Alio likirudi, na neno Ramadhani, na sauti ya mtu mzima ikikatika. Zeinab alijifunika uso. Sahara alibaki amesimama, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, akitazama mbali juu ya vichwa vyao, kule ambako vumbi lilikuwa limegeuka dhahabu na hakuna kilichokuwa na ukingo.

Alipozungumza, alizungumza Kiswahili, ili mpelelezi asikie.

"Siku ya nne ya Ramadhani. Andika hiyo."

"Nimeandika, eeddo."

"Nimekuwa mke wa msafiri miaka ishirini na minane."

Sheikh Abdisalam, aliyekuwa amefika na jeneza la msikiti, alimwambia kwa upole kwamba kisheria eda yake iliisha zamani sana, tangu mwaka ule ule, na hakuna anachodaiwa. Sahara alisema anajua. Akaingia ndani, akakaa humo muda ambao watu waliona ni mrefu, akatoka amevaa nyeupe tupu kutoka kichwani mpaka miguuni, nguo ambayo wanawake wajane wa huko huvaa. Majirani wakaanza kuja na mikeka.

Ndipo akamgeukia Koricha, ambaye bado alikuwa magotini.

"Inuka," alimwambia. "Wewe ulimweka peke yako, watu hawakuona. Leo utashuka wewe kaburini, umweke tena, na watu wote waone."

Wakamsalia mbele ya msikiti, safu nne. Hinda hakuingia makaburini. Alisimama kwenye uzio pamoja na Dakta Kavata, jua likiwa jekundu na karibu. Waliona bafta ikishushwa na Koricha akishuka nyuma yake, mpaka kikabaki kichwa chake tu juu ya ardhi, kisha hata kichwa hakikuonekana. Alikaa humo. Mtu mmoja alimwita, kisha wa pili. Mikono kadhaa ilinyooshwa shimoni ili imvute, ikangoja hewani, naye hakuushika hata mmoja mpaka alipomaliza kumweka.